Tambi za haraka nyumbani: kitoweo kwanza, tambi mwisho

Mwiko_na_Karai, Donholm

Hamjambo wapishi wenzangu. Naanzisha uzi huu kwa sababu tambi zinaonewa hapa mjini. Mtu anashuka matatu saa mbili usiku, foleni ya Jogoo Road imemmaliza, anainjika sufuria ya maji, anatupa pakiti mbili, anamwaga kiungo chote kilichomo, anakoroga mpaka zinavurugika, kisha anakula akiwa amesimama kando ya jiko. Kesho yake anawaambia wenzake kazini kwamba tambi ni chakula cha mwisho wa mwezi. Mimi nakataa. Tambi ni mlo kamili, na zinafika mezani kabla wali haujakauka maji, mradi ushike mpango mmoja: kitoweo kiive kwanza, tambi ziingie mwisho, na vikishakutana visikae pamoja motoni zaidi ya dakika moja au mbili. Karibu yote nitakayoandika hapa yanatokana na hilo.

Nianze na maji, maana hapo ndipo maandishi ya pakiti yanapotupoteza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito wa kuyakandamiza maji, kwa hiyo yanatokota kabla hayajafika nyuzi 100. Hapa kwetu yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiongeza moto hayapati joto zaidi, yanaisha tu kwa mvuke na gesi yako inaisha nayo. Ndiyo sababu maharagwe hapa yanachelewa kuliko Mombasa, na ndiyo sababu spageti iliyoandikwa dakika 8 inatoka na kiini kigumu. Ongeza dakika mbili au tatu, halafu usiamini saa, amini meno. Toa uzi mmoja, ukate kwa jino, utazame pale ulipokatika. Ukiona duara jeupe katikati, bado. Duara likiwa limebaki kama ncha ya sindano, epua mara moja, kwa sababu hicho kilichobaki kitaivia kwenye mchuzi.

Kwa spageti na tambi nyingine kavu, maji yawe mengi: lita moja kwa kila gramu 100, na kijiko cha chai cha chumvi kwa kila lita. Zikishaingia, koroga dakika mbili za mwanzo bila kuondoka jikoni. Wakati huo wanga wa nje unalainika na kunata, na nyuzi zikilaliana hapo zinashikana moja kwa moja. Ukipita dakika hizo salama, zinajitegemea. Wengi wanamimina mafuta ndani ya maji ili zisigandane. Mafuta yanaelea juu na tambi ziko chini, hayasaidii kitu, na baadaye yanafanya mchuzi uteleze badala ya kushika. Kabla hujachuja, chota kikombe cha yale maji meupe ukiweke kando. Yamejaa wanga, na ndiyo yatakayoufanya mchuzi ushike tambi usituame chini ya sahani.

Za pakiti ni habari nyingine. Aliyezibuni ni Momofuku Ando, mwaka 1958 kule Japani. Tambi hupikwa kwa mvuke kwanza, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Maji yaliyomo ndani yanaruka kuwa mvuke na kuacha vitundu vidogo vidogo, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonyonya maji ya moto nyumbani kwako na kuzilainisha upesi. Ukilijua hilo, unajua mambo mawili ya jikoni. La kwanza, zimekwisha kuiva, wewe unazilainisha tu. La pili, zina mafuta tayari, kwa hiyo usizimwagie mafuta kana kwamba unakaanga viazi.

Sasa pishi lenyewe, ninalolipika kuliko yote. Ni la watu wawili. Pakiti mbili za Indomie au aina yoyote uliyoipata dukani, mayai mawili, majani sita hivi ya sukuma, karoti moja, nusu ya hoho, kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, sosi ya soya na ndimu. Mwambie mama mboga akukatie sukuma nyembamba kabisa. Ukatwaji ule wa kwao, nyembamba na ndefu, unafuatana na tambi vizuri kuliko vipande vipana.

Chemsha tambi dakika mbili, zikiwa bado zinavutana uchuje. Piga mayai na chumvi kidogo, yakaange haraka kwenye karai, yatoe yangali laini. Karai hilohilo, kijiko kimoja cha mafuta, moto mkali. Kitunguu kinaingia, kisha karoti na hoho. Saumu na tangawizi ziingie baadaye kidogo, maana saumu ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa yake. Sukuma inafuata. Igeuze mara mbili tatu, na ikiwa bado kijani ileile ya kibandani, tia tambi. Nyunyiza nusu ya kiungo cha pakiti, kijiko kimoja cha sosi ya soya na vijiko vitatu vya maji ya tambi. Geuza kwa uma mbili ukizinyanyua kutoka chini, usizisukume kwa mwiko. Rudisha mayai, tia dhania, kamulia ndimu, epua.

Muda wote huo sikiliza karai. Likiendelea kulia, uko sawa. Likinyamaza, umejaza vitu vingi mno na sasa unachemsha, hukaangi tena. Afadhali upike kwa mikupuo miwili.

Karibuni mchangie, na mwenye pishi lake aliweke hapa.

KijanaWaRongai

Asante sana mkubwa. Hiyo habari ya nyuzi 94 imenifungua macho, kumbe ndiyo maana spageti zangu. Swali: mimi nina bedsita na jiko moja, ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu. Hakuna mahali pa pili pa kuchemshia. Na chungio sina. Nifanyeje?

Mwiko_na_Karai

Kaka, jiko moja linatosha kabisa, na kwa tambi za pakiti huhitaji hata kuzichemsha motoni. Chemsha maji kwenye birika la stima. Ziweke tambi kwenye bakuli, mimina maji yakiwa yanatokota, funika na sahani. Wakati zinalainika wewe uko jikoni na mboga. Baada ya dakika nne au tano zijaribu kwa uma, zikiachana zenyewe ziko tayari. Shikilia sahani juu ya bakuli, iache wazi kidogo upande mmoja, mwaga maji. Hilo ndilo chungio.

Kama ni spageti, anza nayo. Ipike, ichuje ikiwa imebakisha dakika moja, ichanganye na kijiko cha chai cha mafuta (hapa sasa mafuta yana kazi, baada ya kuchuja), kisha utumie sufuria hiyohiyo kwa kitoweo. Tambi zikipoa huku hazina shida, maji moto uliyochota yatazifufua.

NesiWaZamu

Mimi nafanya kazi wodini, na napenda tambi, hasa nikitoka zamu ya usiku. Naomba nizidishe neno kuhusu kile kifuko cha kiungo, kwa sababu Mwiko amekitaja kwa haraka na nadhani kinastahili zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa vyakula vyote pamoja. Nyuma ya pakiti hakuandikwi chumvi, kunaandikwa sodiamu, ndiyo sababu watu hawastuki. Miligramu 2,000 za sodiamu ndizo hizo gramu 5 za chumvi. Sasa geuza pakiti uliyo nayo usome. Pakiti nyingi zinabeba karibu nusu ya kiwango hicho, na nyingine zinapita, kwa mlo mmoja ambao kijana anaona haujamshibisha na anafungua pakiti ya pili. Chumvi hiyo kwa sehemu kubwa imo kwenye kifuko. Ukitia nusu, umejisaidia sana. Ukitia sosi ya soya, punguza kifuko zaidi, kwa sababu soya nayo ni chumvi ya maji. Na kama nyumbani kuna mzee wa presha, tupa kifuko kabisa. Tangawizi, saumu, bizari nyembamba, pilipili manga na ndimu zinatosha kuleta ladha, na mzee hatalalamika.

Ya pili ni ya watoto. Tambi tupu ni wanga na mafuta. Yai, maharagwe, karanga au samaki lazima kiwemo kimoja. Mpango wa "kitoweo kwanza" naupenda kwa sababu hiyo: ukianza na kitoweo, huwezi kukisahau.

MwanafunziJuja

Nesi asante. Mimi nauliza kwa niaba ya sisi wa hosteli. Nyama hapana, mayai mara mojamoja, friji hakuna. Kuna pishi la kutoka kwenye vitu vinavyokaa kabatini?

Mwiko_na_Karai

Dada, lipo, na ni tamu kuliko mengi ya nyama: tambi za karanga. Uchina na nchi za kusini mashariki mwa Asia wanazo aina nyingi za tambi zenye mchuzi wa njugu au ufuta, na sisi siagi ya karanga tunayo kila duka.

Kwa mtu mmoja mwenye njaa au wawili wasio na njaa sana: vijiko viwili vya kulia vya siagi ya karanga, kijiko kimoja cha sosi ya soya, kijiko kimoja cha ndimu au siki, nusu kijiko cha chai cha sukari, punje moja ya saumu iliyopondwa na chumvi, pilipili kadiri ya moyo wako. Weka vyote kwenye bakuli. Sasa ongeza maji ya tambi yakiwa moto, kijiko kimoja kimoja, ukikoroga. Mwanzoni karanga zitakaza na kujitenga, utadhani umeharibu. Endelea kutia maji. Ghafla mchuzi utalegea, utang'aa, na utaanza kudondoka kutoka kwenye kijiko taratibu. Simama hapo. Tambi zilizochujwa ziingie zikiwa moto, geuza mpaka kila uzi uvae.

Juu yake kata kabichi mbichi nyembamba, karoti iliyoparuzwa, na tango likiwepo. Kabichi inakaa siku kadhaa nje ya friji bila neno, na ule ukavu wake mdomoni ndio unaofanya mchuzi mzito usichoshe. Kifuko cha pakiti hapa hukihitaji hata kidogo.

Ukinunua siagi ya karanga, soma viambato. Ile yenye karanga na chumvi tu inafaa zaidi, kwa sababu zenye sukari nyingi zinaelekea kwenye mkate. Harufu ya ukungu au ladha chungu, usinunue wala usile, karanga zilizovunda zinaweza kuwa na sumu ya kuvu na kuzipika hakuiondoi.

BabaMapacha

Kwangu ni watoto wawili wa miaka sita wanaochagua chakula. Wanakubali makaroni tu. Kwa hiyo Jumatano, maharagwe ya Jumanne yakiwa yamebaki, nafanya hivi: kitunguu, nyanya mbili, karoti iliyoparuzwa ndani ya sufuria mpaka viwe rojo. Maharagwe na supu yake yanaingia, robo yake naiponda kwa mwiko kando ya sufuria ili mchuzi uwe mzito. Maji kidogo, kisha makaroni mabichi moja kwa moja humohumo. Najua Mwiko amesema tambi mwisho na zipikwe kando, lakini hapa wanga wa makaroni nautaka ubaki ndani.

Italia hili ni pishi la watu wa kawaida tangu zamani, makaroni na maharagwe. Mapacha wanaliita "ya kijiko" kwa sababu haliliwi kwa uma.

Mwiko_na_Karai

BabaMapacha, uko sahihi kabisa, na ni vizuri umesema. Supu nzito ni mlango wake. Koroga mara kwa mara tu, sufuria za bati zinashika chini haraka, na weka maji ya moto karibu maana makaroni yatayanywa yote.

WaNyanza_Kayole

Mmesahau omena.

Sisemi kwa mzaha. Japani supu nyingi za tambi zinaanzia kwenye dagaa wakavu waliochemshwa. Sisi tunao dagaa wakavu kila soko, Gikomba wamejaa magunia, halafu tunanunua mchemraba wa supu. Chukua kikombe cha omena, toa vichwa na matumbo. Kazi hiyo inachosha, lakini uchungu wote uko hapo, kwa hiyo usiiruke. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe. Zikaushe juu ya karai bila mafuta, moto mdogo, mpaka harufu ibadilike iwe ya kitu kilichochomwa. Kisha maji lita moja, kipande cha tangawizi, kitunguu kilichokatwa pande mbili na kuunguzwa uso mmoja. Ichemke polepole dakika 20, isitokote kwa fujo. Chuja.

Hiyo supu, tia chumvi kidogo na matone ya soya, mimina juu ya tambi zilizokwisha kulainishwa. Majani ya managu au spinachi yachemke humo dakika moja. Yai la kuchemsha likatwe katikati. Kitunguu cha majani juu. Omena zenyewe usitupe, kaanga na nyanya, kesho ni kitoweo cha ugali.

Asiyependa omena aende buchani jioni aombe mifupa, aichemshe na tangawizi saa mbili tatu. Lakini gesi ya saa tatu na gesi ya dakika 20 si sawa.

NesiWaZamu

Hii ya omena nimeipenda sana, ina madini ya chokaa na protini, na chumvi unaishika mwenyewe mkononi. Nitaijaribu Jumapili.

IstliiKwetu

Wapendwa, mkitaka kuona jiji linaloheshimu tambi, vukeni mto mje Eastleigh. Baasto kwetu ni chakula cha mchana cha kila siku. Italia ilitawala sehemu kubwa ya Somalia na ikaacha spageti, lakini viungo ni vyetu wenyewe.

Mchuzi wetu ni suugo. Nyama ya kusaga au vipande vidogo vya mbuzi, kitunguu, saumu, hoho, nyanya freshi na kijiko cha nyanya ya kopo. Roho yake ni xawaash. Bizari nyembamba na mbegu za giligilani kwa wingi, pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu chache, zote zikaangwe kavu mpaka jikoni kunukie, zisagwe, kisha uchanganye manjano. Saga ya kutosha uweke kwenye chupa yenye kifuniko. Kijiko kimoja na nusu cha chai kinatosha nusu kilo ya nyama. Kaanga xawaash pamoja na nyama kabla nyanya hazijaingia, ukitia baadaye inabaki na ladha ya unga mbichi. Nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge pembeni ya sufuria.

Na ndizi mbivu. Ndizi huliwa pamoja na baasto, tonge la tambi kipande cha ndizi, si matunda ya baada ya kula. Mgeni anayekaa nasi mara ya kwanza huiweka kando, mara ya pili anaomba nyingine. Pilipili ya bisbaas kando, ndimu, na basi.

Mama_wa_Embakasi

Mimi nimefuatilia uzi wote na nina shida moja. Mtoto wangu hali ngano, daktari amekataza. Je, tambi ndiyo basi kwetu?

Mwiko_na_Karai

Mama, si basi hata kidogo. Ziko tambi za mchele. Utazipata kwenye maduka ya vyakula vya Kichina kule Kilimani na Hurlingham, Diamond Plaza kule Parklands, na supamaketi kubwa zenye rafu ya vyakula vya Asia. Soma viambato: mchele na maji, pengine na wanga wa muhogo. Kukiwa na ngano, rudisha rafuni.

Usizichemshe jinsi unavyochemsha spageti, hazina gluteni, kile kinachoshikilia tambi za ngano, zitakatika. Ziloweke kwenye maji ya moto yaliyokwisha kutoka motoni. Nyembamba zinataka dakika chache tu, bapa zinaweza kufika 20. Zikipinda bila kuvunjika zichuje, zioshe kwa maji baridi, zitamalizikia kwenye karai.

Na tahadhari moja kubwa kwa mtoto wako: sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Tafuta iliyoandikwa kwamba haina ngano au gluteni, au uache kabisa utumie chumvi, ndimu na tangawizi. Kiungo cha kwenye vifuko usikiguse bila kusoma kilichomo.

Mama_wa_Embakasi

Mungu akubariki. Hilo la soya hakuna aliyewahi kuniambia.

BintiWaPate

Nimesoma mpaka hapa, watu wanazungumzia tambi kama kwamba hazijui sukari! Mimi ni wa pwani, naishi South B, na kwetu Ramadhani bila tambi za nazi futari haijakamilika. Hizi ni zile nyembamba kabisa, zinauzwa zimevunjwavunjwa au zimekunjwa viota.

Samli au mafuta vijiko viwili, tambi gramu 200 zivunje kwa mkono. Zikaange moto mdogo ukigeuza bila kuacha, mpaka zichanganyike rangi, nyingine dhahabu nyingine kahawia. Usiziache zote ziwe kahawia. Mimina tui jepesi vikombe viwili, lichemke nazo. Zikikaribia kukauka tia sukari robo kikombe (anayependa zaidi aongeze), iliki iliyotwangwa, chumvi chembe, zabibu kavu, na tui zito nusu kikombe. Funika, punguza moto kabisa, ziache zijikaushe. Ukifunua, nyuzi ziwe zimeachana, unaweza kuzihesabu. Sukari ikiingia mapema mno tambi zinakaa ngumu, hilo mama zetu wanalisisitiza na ni kweli.

Nazi ya kukuna ni bora. Hapa Nairobi nikichoka natumia tui la pakiti, nalipunguza kwa maji ili kupata lile jepesi.

Mwiko_na_Karai

BintiWaPate, umeniletea harufu ya iliki mpaka huku Donholm. Wote tuandike hii.

MlajiWaNgongRoad

Swali la kitaalamu. Mikahawa ya Kichina tambi zao zina mvuto fulani, ukiuma zinarudisha. Nyumbani spageti haifanyi hivyo hata uipime vipi. Siri ni nini?

Mwiko_na_Karai

Siri ni magadi. Unga wa tambi nyingi za Uchina na Japani hukandwa na maji yenye chumvi za alikali, hasa kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu. Alikali hukaza gluteni, ndiyo ule mvuto, na hubadilisha rangi ya unga kuwa manjano hata kama hakuna yai. Na sisi tunakaa saa chache kutoka Ziwa Magadi, Kajiado, ambako jamii hiyohiyo ya chumvi inachimbwa. Bibi zetu wanaitia kwenye mrenda na kunde kila siku, lakini hatuipeleki kwenye tambi.

Nyumbani fanya hivi. Chemsha maji ya spageti nyembamba kama kawaida, kisha tia bikaboneti ya soda, ile ya mandazi, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa kila lita. Tia polepole, maji yatafura povu ghafla, kwa hiyo sufuria isijae. Chumvi punguza. Spageti itatoka ya manjano zaidi, inateleza, na ukiivuta inarudi. Ichuje na uioshe kidogo kwa maji ya moto ili ladha ya soda iondoke. Maji yake hayafai kwa mchuzi, yamwage. Magadi ghafi ya sokoni siyatumii kwa hili, nguvu yake haitabiriki na yana mchanga.

Spageti hiyo na ile supu ya omena ya WaNyanza ni mlo ambao ningempa mgeni yeyote.

WaNyanza_Kayole

Sasa tunaelewana.

KijanaWaRongai

Nimerudi. Nimepika ile ya sukuma na yai kwa njia ya birika na bakuli, kila kitu kimeenda sawasawa, karai lililia mpaka mwisho. Jirani amebisha hodi akauliza napika nini. Sasa nataka kubeba chakula kazini, Industrial Area, kula nje ni gharama. Zitavumilia mpaka saa saba mchana?

Mwiko_na_Karai

Hongera sana kaka, nimefurahi kweli.

Za kukaanga na yai zisikae joto la chumba kutoka alfajiri mpaka mchana. Kazini kukiwa na friji na pa kupashia, zipoze haraka, zifunike, beba, zikifika ziingie frijini. Kama hakuna, beba za karanga, ila mchuzi uwe kwenye kichupa chake, uchanganye wakati wa kula. Ukizichanganya asubuhi, tambi zitakunywa mchuzi wote na utakuta bonge.

Lakini njia ninayoipendekeza zaidi ni ya chupa ya chai. Isuuze kwanza kwa maji yanayotokota ili isiibe joto, kisha ijaze supu ya omena au ya mifupa ikiwa inachemka kabisa, uifunge. Kwenye kopo lenye kifuniko weka tambi za pakiti zikiwa kavu, karoti iliyoparuzwa na majani ya spinachi yaliyokatwa nyembamba. Saa saba mimina supu juu ya tambi, funika dakika tano au sita, maana supu haitakuwa na joto la asubuhi. Yai la kuchemsha libebe na ganda lake, ulimenye palepale.